Nimonia nyepesi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Wagonjwa wengi hutoka hospitali na karatasi ya dawa, wameambiwa "ni nimonia kidogo, utapona," na hakuna aliyewaeleza wiki zinazofuata zitakuwaje. Majibu haya ni kwa ajili ya wiki hizo. Mengi yanamhusu mtu mzima aliyeruhusiwa kujiuguza nyumbani. Kama una mtoto anayehema mbio sasa hivi, shuka moja kwa moja kwenye maswali ya watoto, mengine utasoma baadaye.

Nimonia ni nini, na kwa nini yangu imeitwa nyepesi?

Ni maambukizi yaliyoshuka mpaka chini kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambamo oksijeni huingia katika damu. Vijidudu vikifika huko, mwili hupambana navyo, na sehemu ya vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha. Hapo ndipo kinapotoka kikohozi, kichomi cha ubavuni unapovuta pumzi, homa, na ule uchovu wa kupanda ngazi mbili tu ukatweta. Mkamba unafanana na nimonia, lakini huishia kwenye mirija ya hewa, haufiki kwenye vifuko.

Daktari akisema nyepesi, maana yake ni kwamba leo hauko hatarini. Akili yako ni timamu, hupumui mara 30 au zaidi kwa dakika, presha haijashuka chini ya 90 kwa juu wala haijafika 60 au chini yake kwa chini, hujafikia miaka 65, oksijeni iko sawa, na unaweza kunywa maji na kumeza vidonge bila kutapika. Neno hilo halisemi chochote kuhusu muda wa kupona. Watu wengi wanakosea hapo: wanasikia "nyepesi" wanadhani ni mambo ya siku tatu.

Mama anasema nimeipata kwa feni na kulala sakafuni. Ni kweli?

Feni haina vijidudu, wala sakafu. Nimonia huletwa na bakteria au virusi vinavyoingia kwa njia ya pumzi, mara nyingi kutoka kwa mtu mwengine anayekohoa, au vijidudu vilivyokuwa vimetulia kooni mwako mwenyewe vikapata nafasi ya kushuka baada ya mafua. Bakteria anayesababisha nimonia zaidi kuliko wote anaitwa nimokoko.

Lakini mama hajakosea kabisa. Wakati wa masika, na katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, watu hukaa ndani kwa wingi na madirisha yamefungwa, na mafua huzunguka nyumba nzima. Msimu una mchango wake, ila kwa njia hiyo.

Nilisikilizwa kifua tu, sikupigwa picha. Inatosha?

Kwa nimonia nyepesi, mara nyingi inatosha. Historia yako, homa, hesabu ya pumzi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na sauti anayoisikia daktari kwenye mapafu vinaweza kumwongoza vizuri. Picha ya kifua inahitajika pale anapokuwa na shaka, au unapokosa nafuu. Kipimo kimoja usikiruke: kama una homa, pimwa malaria. Zanzibar imeyapunguza malaria sana, lakini hayajakwisha, na homa yake inaweza kumpoteza njia hata mtaalamu.

Si bora nichomwe sindano, au nitundikiwe dripu?

Hapana. Amoksilini ya vidonge hunyonywa vizuri tumboni na kufika mapafuni kwa kiwango kinachotosha. Sindano ni ya anayetapika, aliyezidiwa, au asiyeweza kumeza. Dripu ya maji haitibu nimonia. Kama unaweza kunywa, kunywa. Nasikitika ninapoona familia inakopa pesa kulipia sindano ambazo mgonjwa hakuzihitaji, huku kidonge cha bei ndogo kipo mezani.

Nimemaliza siku tatu za amoksilini na bado nina homa. Dawa ni feki?

Huenda dawa ni nzima lakini kijidudu si cha dawa hiyo. Kuna bakteria anaitwa mikoplazima, ambaye hana ule ukuta wa nje walio nao bakteria wengi. Amoksilini na penisilini hufanya kazi kwa kubomoa ukuta huo. Asiye na ukuta hadhuriki nazo. Huyu huwapenda zaidi watoto wa skuli na vijana, huenea pole pole kwenye dahalia na majumbani, na mgonjwa wake mara nyingi anatembea na anafanya kazi zake huku anakohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Yeye hutibiwa kwa dawa nyengine, kama azithromaisini au doksisaiklini.

Pia inawezekana ni virusi, na virusi havisikii antibayotiki yoyote. Au yako majimaji yaliyokusanyika pembeni ya pafu, au ni ugonjwa mwengine kabisa. Kwa hiyo baada ya saa 72 bila nafuu, rudi kwa aliyekuandikia. Usiende duka la dawa kuomba "iliyo kali zaidi." Muuza dawa hawezi kusikiliza mapafu yako kupitia kaunta.

Ukipewa doksisaiklini, imeze na gilasi nzima ya maji na usilale papo hapo, kwa sababu huunguza koo la chakula. Pia hufanya ngozi iungue haraka kwa jua. Mvuvi au mkulima wa mwani ajifunike vizuri. Mjamzito asiitumie ila kwa amri ya daktari, na mtoto mdogo vivyo hivyo.

Homa imeondoka siku ya tatu. Niache dawa nimwekee mdogo wangu zilizobaki?

Usiache. Dozi ya nimonia nyepesi kwa mtu mzima mara nyingi ni siku 5, pengine 7, fuata uliyoandikiwa. Na vidonge vilivyobaki si akiba ya mtu mwengine. Nusu dozi haimponyi mdogo wako, inawafundisha tu bakteria kuishi na dawa.

Ni wiki ya tatu. Homa hakuna, dawa nimemaliza, lakini bado nakohoa na nachoka vibaya. Nimerudiwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wazunguke hospitali tatu na kumeza antibayotiki za aina nne.

Mvua ya masika ikikatika, uwanja haukauki siku hiyo hiyo. Dawa imekata mvua. Pafu bado lina maji ya kukausha. Usaha ulioganda kwenye vifuko lazima uyeyushwe, ufyonzwe au ukoholewe, na kuta zilizoumia zijengwe upya. Kazi hiyo mwili unaifanya wenyewe, na hakuna kidonge cha kuiharakisha.

Mtu mzima aliyekuwa na afya njema hapo kabla anaweza kutarajia hivi: mwisho wa wiki ya kwanza homa iwe imekwisha. Kufika wiki ya 4, kichomi na makohozi yawe yamepungua sana. Kufika wiki ya 6, kikohozi na kutweta viwe vimepungua sana. Kufika miezi 3, karibu kila kitu kiwe kimeondoka isipokuwa uchovu, na kwa wengi miezi 6 ndiyo huwa wamerudi walivyokuwa. Nimonia nyepesi mara nyingi hupita haraka kuliko hivyo, lakini ukichelewa kidogo si ishara kwamba umerogwa au dawa imeshindwa.

Kinachopimwa ni mwelekeo. Jiulize, wiki hii ni bora kuliko iliyopita? Jumatatu ulichoka ukifika kisimani, leo unafika dukani na kurudi: unapona. Siku moja mbaya katikati ya nzuri haina neno. Wiki nzima ya kurudi nyuma, hiyo ina neno.

Dalili gani zinanitaka nirudi hospitali, hata usiku?

Kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika ukiwa umekaa. Kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Midomo, ulimi au kucha kugeuka rangi ya buluu au kijivu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi angalia ndani ya mdomo na kwenye kucha. Kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida. Kukohoa damu. Maumivu makali ya kifua. Kuzimia. Kutapika kila unachomeza. Kipimo cha kidoleni kusoma chini ya 92.

Na moja ambayo watu huidharau: homa iliyokwisha ondoka, siku kadhaa zikapita, kisha ikarudi na mtetemeko. Hiyo haingojwi.

Mwenye selimundu, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye VVU, au mwenye ugonjwa wa moyo asisubiri dalili zote hizo. Akizidi kidogo tu aende. Maambukizi hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apime mara nyingi kuliko kawaida yake.

Walioko Tumbatu, Kojani, Fundo au Makoongwe wana hesabu moja zaidi. Bahari ikichafuka usiku hakuna wa kukuvusha. Uamuzi ufanywe alasiri, wakati mgonjwa bado anaweza kukaa ndani ya mashua, na si saa nane ya usiku. Heri kuvuka ukaambiwa hukuwa na haja ya kuja.

Nyumbani nifanye nini ili nipone vizuri?

Kunywa. Maji, uji mwepesi, supu, dafu, chai ya mchaichai. Mkojo ukiwa mweupe unakunywa vya kutosha. (Mgonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya madafu mengi, kwa sababu ya madini yaliyomo.) Parasetamoli kwa homa na kichomi, kwa kipimo kilichoandikwa, na usiifiche homa kwa vidonge halafu ukajidanganya kwamba imekwisha.

Usilale chali mchana kutwa. Kaa umeegemea mito, badilisha ubavu, na kila saa unapokuwa macho vuta pumzi ndefu pole pole kupitia puani, ishikilie kwa sekunde mbili tatu, itoe taratibu kwa mdomo. Fanya hivyo mara kumi. Ukikohoa na ubavu unauma, kumbatia mto kifuani. Maumivu hupungua na makohozi hutoka. Yateme kwenye karatasi au chombo chenye mfuniko. Rangi ya njano au kijani peke yake isikutishe.

Halafu tembea. Siku za mwanzo kutoka kitandani hadi uani, kisha hadi barazani, kisha nyumba ya tatu. Simama kabla hujachoka kabisa. Chakula usijilazimishe sahani nzima. Kidogo mara nyingi, na samaki, maharage au yai visikosekane, maana misuli hupungua mtu akiugua.

Tangawizi, asali, habasoda, kujifukiza: vinasaidia?

Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo na hukufanya unywe maji, na hayo ni mambo mema. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kumletea sumu ya hatari. Habasoda kwa kiasi cha chakula haina tatizo kwa wengi, ila isichukue nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Mvuke unaweza kulegeza kamasi, lakini hauui vijidudu vya mapafuni, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imewaunguza watoto wengi. Mtoto usimfukize.

Dawa za maji za kikohozi faida yake ni ndogo mno. Pesa hiyo nunulia samaki.

Tunachoma udi kila jioni, na tunapikia kuni. Kuna shida?

Kwa mapafu yanayopona, ndiyo. Moshi ni moshi, uwe wa kuni, wa makumbi, wa sigara, wa shisha, wa dawa ya mbu ya kuchoma, au wa udi. Unawasha njia za hewa zilizokwisha vimba na unadhoofisha vile vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu. Najua udi ni heshima ya nyumba zetu. Chumba cha mgonjwa kiachiwe hewa safi mpaka kikohozi kikome, nguo zifukizwe nje, na mbu azuiwe kwa chandarua. Anayepika akiwa ndiye mgonjwa, apumzishwe jikoni. Wake zetu na mama zetu huamka wakiwa na homa wakaenda kupuliza moto kwa kuwa hakuna aliyejitolea. Jitoleeni.

Nimeugua katikati ya Ramadhani. Nifunge?

Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine; Qur'ani imelisema hilo wazi katika Suratul-Baqara. Katika siku za homa na dawa mwili unahitaji maji mchana, na amoksilini kwa kawaida hunywewa mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane. Kuzibana zote tatu kati ya magharibi na daku si kunywa dawa sawasawa. Ikiwa umeshapata nafuu na dawa umemaliza, zungumza na daktari wako na mtu wa elimu unayemwamini.

Naweza kusali kama kawaida? Na mimi ni mwadhini.

Sali umekaa ukiwa unatweta au kichwa kinazunguka, ruhusa ipo. Wengi hushikwa na kikohozi wakisujudu, kwa sababu makohozi husogea. Adhana, kusomesha chuoni kwa sauti, na kuimba viache mpaka uweze kuzungumza dakika tano mfululizo bila kukohoa. Mtafutie msikiti naibu kwa muda.

Lini nirudi kazini?

Kazi ya kukaa: homa iwe imeondoka kwa saa 24 bila parasetamoli, na uwe unaweza kutembea nusu saa. Anza na nusu siku kama mkubwa wako anakubali.

Kazi za visiwani kwetu nyingi si za kukaa. Mchuma karafuu asipande mkarafuu wakati bado ana kizunguzungu au anaishiwa pumzi. Mikarafuu ni mirefu na matawi yake huvunjika. Anaweza kuchambua na kuanika chini, mbali na vumbi la makonyo. Mkulima wa mwani aanze na maji kupwa ya siku moja, apumzike inayofuata. Mzamiaji wa pweza na wa vyaza namwambia kwa msisitizo: usizamie hata kama unajisikia vizuri, mpaka kikohozi na kichomi viishe kabisa na daktari akusikilize tena. Kubana pumzi chini ya maji na pafu lililoumia ni hatari isiyo na onyo.

Nitawaambukiza wa nyumbani?

Unaweza kuwaambukiza vijidudu, ingawa wengi wao watapata mafua au kikohozi tu. Kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono, vaa barakoa ukiwa karibu na mtoto mchanga au mzee, fungua madirisha. Mikoplazima huchukua wiki 1 hadi 4 kujitokeza, kwa hiyo usishangae ndugu akianza kukohoa wewe ukiwa umeshapona. Kula sinia moja si njia kuu ya kuenea. Kukaa uso kwa uso na mtu anayekohoa ndiyo njia.

Mtoto wangu anakohoa. Nitajuaje kama ni nimonia?

Mhesabie pumzi. Asubiriwe atulie, asiwe analia wala ananyonya, umfunue kifua, uhesabu kwa dakika nzima kamili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni mbio. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Akifikia hapo, kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mara nyingi atapewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Mchanga wa chini ya miezi 2 apelekwe hospitali moja kwa moja.

Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anakoroma akiwa macho, hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, msisubiri kuche. Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee, Chake Chake, Wete, Micheweni, Kivunge, Makunduchi: yoyote iliyo karibu.

Bibi anasema ni kimeo, akakatwe.

Tafadhali msimkate. Kile kinyama cha kooni hakisababishi nimonia, na kukikata kumesababisha kutoka damu nyingi, maambukizi na vifo vya watoto. Mwambieni bibi kwa adabu, mumshirikishe katika kuhesabu pumzi. Akiona kwa macho yake kifua kinavyobonyea ataelewa haraka kuliko kwa kubishana.

Babu hana homa wala kikohozi kikubwa, lakini amebadilika.

Mpelekeni. Kwa wazee nimonia inaweza kuja bila homa: anakataa chakula, anaanguka, anachanganya majina ya wajukuu, analala mno.

Mbona naambiwa nipime kifua kikuu?

Kwa sababu kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinastahili kipimo hicho, hasa kikiambatana na jasho la usiku, kukonda, au damu. Makohozi yanapimwa, na kipimo na matibabu katika hospitali za serikali ni bure. Kuambiwa upime si kuambiwa unao.

Kuna chanjo?

Ipo. Tangu 2013 watoto wa Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hupata chanjo ya nimokoko wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi ya mwanao. Kama kuna tundu, rudi kliniki lijazwe. Chanjo ya surua nayo inahesabika hapa, kwa kuwa surua mara nyingi huishia kwenye nimonia.

Nimeambiwa nipige tena picha ya kifua baada ya wiki 6. Nimeshapona, niende?

Nenda, hasa ikiwa unavuta sigara, umepita miaka 50, au una dalili yoyote iliyobaki. Doa jeupe la nimonia huchelewa kufutika kwenye picha, ndiyo maana hawakukupigia wiki ya pili. Kama doa bado lipo baada ya wiki hizo, daktari atataka kujua kuna nini nyuma yake: kifua kikuu, uvimbe, au kitu kilichoziba njia ya hewa. Nenda na picha ya kwanza ili azilinganishe zote mbili.